SDF: dawa inayolitia jino weusi ili lisiendelee kuoza

Kuna dawa ya majimaji ambayo daktari wa meno huipaka kwa kibrashi kidogo kwenye jino lililotoboka, akasubiri dakika moja, kazi ikawa imekwisha. Hakuna sindano ya ganzi wala mashine ya kuchonga. Baada ya siku chache sehemu iliyooza inakuwa nyeusi tii, inaanza kuwa ngumu, na mara nyingi uozo unasimama palepale ulipofikia. Dawa hiyo ni silva daiamini floraidi, na kliniki nyingi huiita kwa kifupi SDF.

Maneno yanayozungumzwa kuihusu yanagongana. Mtu mmoja ameambiwa ni dawa ya meno yanayopata ganzi, yale maumivu ya ghafla unapokunywa kitu baridi. Mwingine ameambiwa ni ya watoto wenye meno yaliyooza. Wa tatu amesikia kwamba inaharibu meno kwa sababu inayatia weusi, na wa nne ameahidiwa kwamba sasa hakuna haja tena ya kuziba jino. Wawili wa kwanza wako sahihi. Wa tatu ameona kitu halisi lakini amekielewa kinyume. Wa nne amepotoshwa, na huyo ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, kwa sababu anaweza kukaa na jino ambalo lilihitaji tiba nyingine kabisa.

Mirija ndani ya jino

Sehemu ya juu ya jino imefunikwa na enameli, tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na imejaa mirija midogo isiyoonekana kwa macho. Mirija hiyo inaelekea kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, nayo ina umajimaji ndani yake. Enameli ikiwa nzima na ufizi ukiwa umefunika mzizi, mirija imefichwa na mtu hajui hata kama ipo.

Fizi zikishuka, au enameli ikilika kwa asidi au kwa kusugua meno kwa nguvu miaka nenda rudi, midomo ya mirija inabaki wazi. Kitu baridi kikigusa hapo, au hata upepo tu ukipita, umajimaji unasogea ghafla, na mishipa ya fahamu iliyo kwenye kiini inausikia mwendo huo kama maumivu makali ya muda mfupi. Maelezo haya yalijengwa na Martin Brännström wa Sweden katika miaka ya 1960, na mpaka leo ndiyo yanayokubalika zaidi. Kwa hiyo tiba yoyote ya ganzi ya meno inapaswa kufanya moja kati ya mambo mawili: kuiziba ile mirija au kuituliza mishipa ya fahamu.

Kuoza nako kunafika kwenye dentini hiyohiyo, ila kwa njia nyingine. Bakteria waliomo kwenye ukoga wanakula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi, hasa pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, ikifika chini ya takriban 5.5, madini ya enameli yanaanza kuyeyuka. Yakiyeyuka mara nyingi kuliko yanavyorudishwa na mate, tundu linafunguka. Ndani ya dentini mambo yanakwenda kwa hatua mbili: kwanza asidi inaondoa madini, kisha vimeng'enya vinaukata wavu wa protini uliokuwa umeyabeba. Protini hiyo ni kolajeni. Ndiyo maana daktari akiligusa tundu bichi kwa kichokoo chake, ncha inazama.

Kilichomo ndani ya chupa

SDF inayotumika zaidi ni ya asilimia 38. Ndani yake kuna takriban asilimia 25 ya madini ya fedha, asilimia 5 ya floraidi, na asilimia 8 ya amonia ambayo kazi yake ni kuyashikilia madini ya fedha yabaki yameyeyuka. Haina rangi, ingawa watengenezaji wengine huitia rangi ya buluu ili daktari aone ilipofika. Ina harufu kali ya amonia na ladha ya chuma. Siyo asidi, ni alkali, pH yake ikiwa karibu 10.

Kila kiungo kina kazi yake. Madini ya fedha yanaua bakteria: yanajishikiza kwenye protini za bakteria, yanatoboa ukuta wake na kuuvuruga uhai wake kwa ndani. Watafiti wameonyesha pia katika maabara kwamba bakteria waliouawa kwa fedha wanaendelea kubeba fedha hiyo na kuwaua wenzao walio hai wanaokutana nao. Floraidi inasaidia madini kurudi kwenye jino, na madini yanayojengwa kukiwa na floraidi huhimili asidi kali zaidi kabla ya kuyeyuka. Kwa pamoja, fedha na floraidi vinavizuia vile vimeng'enya vinavyokata kolajeni, hivyo wavu unabaki na madini yana mahali pa kukaa tena.

Dawa ikigusa dentini, inachanganyika na madini ya jino na mate, na kutoa chembechembe za fedha na floraidi zinazokaa juu ya dentini na kuingia ndani ya mirija. Mirija ikizibwa, umajimaji hausogei tena ovyo, na ganzi inapungua. Hapo ndipo matumizi mawili yanapokutana. Anayetibiwa ganzi na anayetibiwa uozo wanapakwa dawa ileile kwenye tabaka lilelile. Kwa wa kwanza kinachotafutwa ni mirija kuzibwa. Kwa wa pili kinachotafutwa ni bakteria kufa na dentini kuwa ngumu.

Weusi unatoka wapi

Chembe za fedha zilizonaswa kwenye dentini iliyooza zinageuka nyeusi, na mwanga unaharakisha jambo hilo. Enameli nzima haina pa kuzinasa, ndiyo maana haibadiliki rangi. Weusi unachora ramani ya ugonjwa: pale palipolainika panakuwa peusi, pale pazima panabaki kama palivyokuwa. Wakati mwingine dawa inaibua hata doa dogo la uozo ambalo jicho lilikuwa halijaliona.

Weusi huo haufutiki kwa mswaki. Utakuwepo muda wote ambao sehemu hiyo ya jino itakuwepo, isipokuwa ifunikwe au ichongwe. Mzazi anatakiwa aambiwe hivyo kabla chupa haijafunguliwa, na aonyeshwe picha za meno yaliyokwisha kupakwa. Kwa maoni yangu, kliniki isiyoonyesha picha kwanza haijamwomba mzazi ridhaa hata kama ametia saini. Utafiti uliofanyika katika maeneo ya New York na New Jersey na kuchapishwa mwaka 2017 uliwaonyesha wazazi picha hizo: karibu theluthi mbili walisema weusi kwenye magego unavumilika, lakini kwa meno ya mbele waliokubali hawakufika theluthi moja. Walipoambiwa kwamba njia nyingine ingekuwa mtoto kulazwa kwa nusu kaputi, wengi zaidi walikubali, hata kwa meno ya mbele. Sioni kigeugeu katika majibu hayo. Mzazi anapima weusi dhidi ya kile kingine kilicho mezani, na ana haki ya kujua ni kipi.

Kwa mtu mzima mwenye ganzi kwenye shingo ya jino lisilooza, weusi huwa mdogo sana au hauonekani kabisa. Lakini kingo za vizibo vyeupe vya zamani zinaweza kushika rangi, na mahali panapoonekana safi panaweza kuwa na uozo wa mwanzo.

Kuna njia ya kuupunguza. Mara tu baada ya SDF, daktari anaweza kupaka potasiamu ayodaidi, ambayo inaichukua fedha iliyobaki juu na kuigeuza kuwa kitu cheupe chenye unjano. Inasaidia, lakini haiahidi jino jeupe: baadhi ya meno yanarudi kuwa na kiza miezi inavyopita. Tena ayodini hiyo haiwafai wajawazito, wala wenye matatizo ya tezi ya shingo.

Kwa nini karatasi zinasema ganzi na madaktari wanasema uozo

Madini ya fedha yalikuwa kwenye vinywa vya watu muda mrefu kabla ya SDF. Karne ya 19 madaktari wa meno walikuwa wakipaka naitreti ya fedha kwenye matundu, na mwaka 1917 Percy Howe wa Boston alitangaza mchanganyiko wa naitreti ya fedha na amonia uliotumika kwa miongo kadhaa. Nchini Japani, Reiichi Yamaga na Mizuho Nishino wa Chuo Kikuu cha Osaka waliunganisha fedha na floraidi katika dawa moja mwishoni mwa miaka ya 1960, na serikali ya nchi hiyo ikaikubali mwaka 1970.

Marekani ilichelewa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, FDA, iliiruhusu mwaka 2014, lakini kama kifaa cha kupunguza ganzi ya meno kwa watu wazima, njia iliyokwisha kufunguliwa na bidhaa nyingine za floraidi. Daktari akiitumia kuzuia uozo kwa mtoto, anaitumia nje ya maelezo yaliyoidhinishwa, jambo ambalo sheria ya huko inamruhusu kwa uamuzi wake wa kitaalamu. Mwaka 2016 FDA hiyohiyo iliitambua kama tiba yenye matumaini makubwa dhidi ya uozo, hatua ya kuharakisha uchunguzi wake, si kibali kamili. Kwa hiyo mtu akikuta kwenye maelezo ya dawa neno ganzi peke yake, asidhani mtoto wake amepakwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwingineko mambo yamekwenda mbele. Shirika la Afya Duniani liliiingiza SDF kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021.

Inafanya kazi kiasi gani

Utafiti ninaoupenda kuutaja kuhusu uozo ulifanyika Hong Kong kwa watoto 888 wa chekechea, ukachapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi 30, waliopakwa dawa ya asilimia 38 mara mbili kwa mwaka uozo ulisimama katika takriban robo tatu ya sehemu za meno zilizotibiwa. Kwa waliopakwa mara moja kwa mwaka ilikuwa takriban theluthi mbili. Kwa dawa hafifu ya asilimia 12, hata ikipakwa mara mbili, haikufika asilimia 60. Namba hizo zinasema mambo mawili ambayo mgonjwa huwa haambiwi: nguvu ya dawa ina maana, na kupakwa mara moja tu kisha kutorudi kunapunguza faida. Zinasema pia kwamba kuna meno ambayo uozo unaendelea ingawa yamepakwa. Meno ya mbele hufanikiwa zaidi kuliko magego, kwa sababu ni rahisi kuyasafisha na chakula hakitegi humo.

Kuhusu ganzi, jaribio lililofanyika Lima na Cusco nchini Peru na kuchapishwa mwaka 2011 liliwalinganisha watu wazima waliopakwa SDF na wengine waliopakwa maji. Siku 7 baadaye, waliopakwa dawa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Hiyo ni nafuu ya muda mfupi iliyopimwa. Anayeendelea kusugua meno kwa nguvu au kunywa vitu vyenye asidi kutwa anaifungua mirija tena, na atarudi kupakwa.

Matumizi mapana zaidi yamejaribiwa katika shule za msingi za jiji la New York. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba SDF haikuzidiwa na njia iliyozoeleka ya kuziba mashimo ya juu ya magego, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba wauguzi waliofundishwa waliipaka kwa mafanikio sawa na wataalamu wa usafi wa kinywa. Hili ni jambo kubwa mno kwa mahali popote ambapo madaktari wa meno ni wachache na watoto ni wengi.

Dakika ile moja

Daktari anaanza kwa kuondoa mabaki ya chakula kwenye tundu. Haichongi dentini. Midomo na ufizi wa jirani vinapakwa mafuta ya mgando, pamba inawekwa pembeni kuzuia mate, na jino linakaushwa. Tone moja linamiminwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, kwani dawa hii huula chuma na glasi. Kibrashi chenye kichwa kidogo kinachovywa, kinafutwa pembeni ili kisidondoshe, kisha kinasuguliwa taratibu kwenye tundu. Uso wa mtoto uko karibu kabisa, kwa hiyo mkono hauna haraka. Dawa inaachwa ikae kama dakika moja, na iliyozidi inafyonzwa kwa pamba. Wengine humalizia na vanishi ya floraidi ili kufunika ile ladha.

Ikigusa ngozi, inaacha doa la kahawia ambalo halionekani papo hapo na haliumi. Linatoka lenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Ikigusa nguo au meza, doa halitoki. Ufizi unaweza kuwa mweupe na kuwasha kidogo kwa siku moja au mbili.

Wasiwasi wa sumu una msingi, kwa kuwa dawa hii ina floraidi kama mara 30 ya dawa ya kawaida ya mswaki. Kinachoifanya iwe salama ni kiasi. Tone moja lina takriban miligramu 1 tu ya floraidi, na linatosha meno kadhaa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliweka kikomo cha tone moja kwa kila kilo 10 za uzito katika ziara moja. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kutoiagiza mtandaoni na kujipaka nyumbani. Mwenye mzio wa madini ya fedha hapakwi kabisa, na mwenye vidonda au fizi zilizochubuka kinywani anasubiri vipone.

Jino lisilofaa kupakwa

Hapa ndipo aina ya maumivu inapoamua. Ganzi inayokuja kwa kitu baridi au kitamu na kuondoka ndani ya sekunde chache ina maana kiini cha jino bado kizima, na SDF inaweza kusaidia. Jino linalouma lenyewe bila kuguswa, linalomwamsha mtu usiku, au maumivu yake yakianza yanachukua muda mrefu kutulia, lina kiini kinachougua. Uvimbe kwenye ufizi, kijipu kinachotoa usaha, au jino kulegea kabla ya wakati wake ni dalili kwamba maambukizi yamekwisha kuvuka. Kulipaka jino la namna hiyo ni kulifunika rangi tu huku ugonjwa ukiendelea chini. Linahitaji tiba ya mzizi au kung'olewa.

SDF pia haijazi tundu. Shimo linabaki shimo, chakula kitaendelea kutega humo, na jino lililovunjika halirudishi umbo lake. Ndiyo maana madaktari wengi wanaiunganisha na simenti ya glasi ya ayonoma: wanapaka SDF kwanza, na siku hiyohiyo au ziara inayofuata wanajaza tundu kwa simenti hiyo, ambayo inashika jino bila kuchonga na inatoa floraidi yake yenyewe. Mbinu ya kuziba meno kwa zana za mkono peke yake ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na SDF imeingia humo kama hatua ya ziada. Simenti inafunika sehemu ya weusi, ingawa kivuli kinaweza kuonekana.

Wanaofaidika zaidi ni watoto wadogo wasioweza kutulia kwenye kiti, watu wenye ulemavu ambao mashine inawatia hofu, wagonjwa wanaosubiri zamu ya nusu kaputi, na wazee. Kundi hili la mwisho linasahaulika mno. Fizi za mzee zimeshuka, mizizi iko wazi, mate yamepungua kwa sababu ya dawa anazokunywa, na uozo unazunguka shingo ya jino mahali ambapo kuziba ni kugumu na kizibo hakidumu. Kumpaka mara moja kwa mwaka, akiwa kitandani kwake, kunaweza kumwokolea meno anayotafunia.

Wiki mbili hadi nne baada ya kupakwa, jino linaangaliwa tena. Rangi peke yake haitoshi. Daktari anapitisha kichokoo taratibu juu ya sehemu nyeusi. Ikiwa ngumu na inateleza kama kioo, uozo umesimama. Ikiwa bado inabonyea, linapakwa tena. Baada ya hapo ni kila miezi 6, huku mswaki na dawa yenye floraidi vikiendelea mara mbili kwa siku, maana SDF inatibu sehemu iliyopakwa na haizuii tundu jipya kuanza kwenye jino la upande wa pili. Jino la utotoni linaendelea kukaguliwa hivyo mpaka litoke lenyewe. Jino la ukubwani, mtu akitaka, linaweza kuzibwa vizuri baadaye, ilimradi daktari aambiwe kwamba liliwahi kupakwa, kwa sababu vizibo vyeupe vya resini vinaweza kushika vibaya juu ya dentini yenye fedha kama uso wake haujasafishwa kwanza.